Mwenzangu Mzima, Afande

Tarehe 8 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima kama inavyotuacha sisi. Mama mzima, mimi mzima, na paka wa jirani naye mzima, bado mwizi vilevile. Hofu yetu ni kwako tu.

Kadi yako ya mistari miwili imefika. Nilimsomea mama, akasubiri, kisha akauliza, "Ndiyo imeisha?" Nikamwambia imeisha. Akasema, "Basi huko wanawachosha watoto mpaka vidole."

Tumeelewa kwamba simu zenu zilichukuliwa getini na hamtazipata mpaka mafunzo ya awali yaishe. Usijali. Mwalimu wetu wa lugha anasema barua inaishinda simu kwa sababu hakuna anayeweza kukukata katikati. Ametufundisha kwamba barua kwa ndugu huanza na salamu, zikafuata habari za nyumbani, ndipo lije jambo lenyewe. Salamu nimemaliza.

Habari za nyumbani ni kwamba hoteli imeongeza mashuka, na mama anapiga pasi tangu asubuhi, dirisha wazi kwa ajili ya moshi wa mkaa. Kazi yako ya kunyunyiza maji na kukunja sasa ni yangu. Juu ya kitanda chako tumepanga mafungu ya nguo za wateja, lakini mama anasema mwenye kitanda ni wewe, hizo nguo ni wageni tu.

Sasa jambo lenyewe. Fundi redio alimwuliza mama mbele ya watu kama kweli mtoto wa dobi anaweza kuwa ofisa wa jeshi. Mama hakuiweka pasi chini. Alisema, "Siku atakayovaa nyota begani, pasi hii nitaimwagia maji niitundike ukutani." Watu walicheka. Yeye hakucheka. Kwa hiyo nataka uniambie ukweli: huko ni kugumu? Na je, walikunyoa? Mama anataka kujua kichwa chako kina umbo gani, anasema amesahau.

Mimi mdogo wako.


Tarehe 2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mwambie mama kichwa ni kilekile alichokizaa, kina bonde kisogoni, na sasa sajenti analijua bonde hilo kuliko yeye.

Umeniuliza kama huku ni kugumu. Nikuambie hivi: hapa hatutembei. Kutoka bwenini kwenda bafuni ni mbio, kutoka bafuni kwenda chakulani ni mbio, na chakula chenyewe tunakila kama tunafukuzwa nacho. Siku ya kwanza nilikosea mguu kwenye kwata, sajenti akaniuliza, "Wewe, miguu hiyo uliazima kwa nani?" Nikajibu, "Ni yangu, afande." Akasema, "Basi ifundishe kusikia." Nilizunguka uwanja na bunduki juu ya kichwa mpaka miguu ikasikia.

Ila kuna jambo moja ninaloliweza kuliko wote. Vitanda. Shuka likipinda kidogo sajenti analitupa nje ya dirisha pamoja na godoro. Langu halijatupwa hata mara moja, kwa sababu nakunja pembe kama mama anavyokunja za hoteli. Sasa bweni zima linaniita Pasi, na kila mwenye kombati iliyokunjamana ananijia kwa sauti ya upole.

Halafu kuna desturi ya kusemeana. Kila kuruta ana mwenzi mmoja, anayelala kitanda cha pili yake. Asubuhi kwenye ukaguzi hakuna anayejisemea. Sajenti akisimama mbele yako anauliza habari za mwenzako, nawe unapaza sauti: "Mwenzangu mzima, afande!" Kisha mwenzako anakusemea wewe. Sajenti anasema mtu akijisemea atadanganya, ama ajifanye mgonjwa, ama ajifanye chuma. Lakini mwenzi amekuona ukilala na ukiamka.

Mwenzi wangu anaitwa Kinanda, maana hanyamazi. Asipoongea anaimba puani, hata kwenye mbio. Alianza mafunzo mwaka jana, akavunjika kidole cha mguu, akarudishwa mwanzo kuanza upya nasi. Hapa unarudishwa mara moja tu. Ya pili unafunga begi. Hana mama, hana ndugu. Baba yake ni fundi viatu ambaye anasema kalamu inamponyoka. Kwa hiyo barua yako niliisoma kwa sauti, tukaisikiliza wawili. Ameninyang'anya kalamu, namwachia nafasi.

*Kwa Mwalimu Mkuu. Hilo ndilo jina nililokupa, maana barua yako imesimama wima kuliko gwaride letu. Kaka yako anakoroma. Nimemsemea kila asubuhi kwamba ni mzima, lakini kwa mkoromo ule sina hakika. Msalimie mama, mwambie pembe za shuka zake zimeniokoa. Kinanda.*


Tarehe 16 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mama mzima, anakusalimu sana. Mimi naendelea vizuri na masomo.

Mama alicheka habari ya miguu ya kuazima mpaka ikambidi akae kitini apate pumzi. Kisha akataka nirudie pale ulipoandika juu ya pembe za shuka. Nilirudia. Hakucheka tena, alitazama mikono yake.

Siku hizi mama anajilaza mchana kidogo. Ni joto tu.

Tumewatumia leso za mfukoni, mbili zako na mbili za mwenzako. Mama amezipiga pasi mwenyewe. Sasa naomba uniruhusu niandike kwa Kinanda.

Kaka Kinanda, shikamoo. Nashukuru kwa jina, ingawa Mwalimu Mkuu wetu ana kipara na mimi sina. Kaka alianza kukoroma akiwa mdogo. Dawa yake ni kumgeuza ubavu, usimwite, hatasikia. Kwa kuwa huna wa kukuandikia, nitakuwa nakuandikia mimi, mistari michache chini ya barua ya kaka. Si lazima ujibu. Lakini ukijibu nitafurahi.

Mdogo wenu.


Tarehe 5 Aprili

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Leso zimefika, na nimezitambua kabla sijafungua. Mama bado anaanzia pembeni na kumalizia katikati.

Naandika haraka. Wiki ijayo ni matembezi marefu: bunduki, begi kamili mgongoni, kupanda mlima na kurudi. Asiyemaliza anarudishwa mwanzo. Sajenti anasema mlima haujui jina la baba wa mtu. Nimepaka buti mafuta, na Kinanda amenionyesha jinsi ya kufunga kamba zisichubue, ndilo fundisho alilopewa na baba yake. Kati yetu wawili tunaye dobi na fundi viatu. Tumebakiza fundi cherehani tufungue duka.

Mwambie mama asijichoshe. Joto hilo la mchana ulilosema, ni joto gani hilo la kumlaza mtu kama mama?

*Mwalimu Mkuu, nimemgeuza ubavu. Amenipiga kiwiko, kisha amenyamaza. Ahsante. Leso sitaifutia vumbi wala jasho, nitavaa nayo mfukoni siku ya gwaride la mwisho. Sasa: kitendawili! (Sema tega.) Kila asubuhi namvisha, kila usiku namvua, wala hajawahi kusema ahsante. Usipojua, nipe mji. Jibu litakuja barua ijayo. Kinanda.*


Tarehe 20 Aprili

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku kwetu ni kuzuri. Mama mzima.

Joto lile limepita.

Nina habari ya aibu. Siku hizi namsaidia mama kupiga pasi kabla ya kwenda shule, na juzi nimeunguza foronya ya hoteli. Alama ya kahawia, umbo la ncha ya pasi, pale pale katikati. Nilitaka kuikunja ile alama iingie ndani, niiweke chini kabisa ya fungu. Mama akaniona kutoka kitandani. Akasema, "Lete hapa." Akaikunja upya, alama ikawa juu, foronya ikawa ya kwanza kabisa kwenye fungu. Akasema, "Nguo iliyoungua haifichwi upande wa ndani. Unaipeleka juu, mwenye nguo aione akiwa mbele yako. Akikukuta umeificha, hata zile ulizopiga vizuri atazikunjua zote." Niliipeleka. Msimamizi wa mashuka aliitazama, akanitazama, akasema, "Haya, Bi Mdogo, angalau una macho." Nilirudi nyumbani nikilia, lakini si kwa ubaya.

Kaka Kinanda, tega! Nimefikiri siku nyingi. Nilisema mtoto mchanga, lakini mtoto hubadilishwa mchana kutwa. Nikasema mlango, mama akacheka. Basi nakupa mji, chagua wowote wenye kivuli na maji mengi, ukae huko kama mfalme. Sasa nijibu.

Matembezi yalikuwaje?


Tarehe 11 Mei

Mdogo wangu,

Mimi mzima.

Matembezi yalipita. Nilimaliza.

Kazi ni nyingi. Siku hizi natandika vitanda viwili kila asubuhi, cha kwangu na cha Kinanda. Sajenti ameniagiza mimi, naye akipita hapo haongei.

Msalimie mama. Soma kwa bidii.


Tarehe 25 Mei

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama mzima, anasema barua yako ilikuwa fupi kama ya mtu aliyesimama mlangoni. Nimemwambia mmechoka na mlima.

Nimefurahi kwamba ulimaliza. Nilimwambia mwalimu wa lugha, akawaambia darasa zima, wakanipigia makofi kana kwamba niliupanda mimi.

Lakini Kaka Kinanda, nina maneno nawe! Kaka anakutandikia kitanda? Wewe ni bwana harusi? Mtu mzima wa kuvaa nyota kesho kutwa, unalala huku mwenzako anakukunjia pembe? Tena umeninyima hata mstari mmoja, na mji nimekwisha kukupa. Mfalme gani huyo, anapokea mji halafu anajifungia? Amka, utandike kitanda chako, na uniletee jibu la kitendawili.

Nimewatumia leso nyingine. Tafadhali muwe mnaandika.

Mdogo wenu.


Tarehe 29 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Sijapata barua. Kila siku ya posta napita ofisini kwa karani wa shule, naye siku hizi anatikisa kichwa kabla sijafika mezani.

Kama Kaka Kinanda amekasirika kwa sababu ya utani wangu, mwambie naomba radhi. Nilidhani tumeshazoeana. Sikumaanisha ubaya. Anaweza kulala atakavyo.

Mama anauliza barua asubuhi na jioni. Nimemwambia huenda mko porini. Nikimwambia hivyo anatazama dari.

Sisi wazima. Hofu ni kwako, na safari hii si maneno ya mwanzo wa barua tu.


Tarehe 10 Julai

Mdogo wangu,

Kaa mahali penye utulivu kabla hujaendelea. Usimsomee mama kwanza. Soma peke yako.

Kinanda amefariki. Alifariki siku ile ya matembezi, mwezi wa Aprili. Ulipompa mji alikuwa ameshazikwa.

Hakukasirika nawe. Hakuisoma barua ya utani. Niliisoma mimi, nimeketi kati ya vitanda viwili, na sikuweza kuandika tena.

Sasa nikuambie ilivyokuwa, maana nimewaambia watu wengi uongo na wewe umebaki mtu ninayeweza kuanza naye. Siku mbili kabla ya mlima alikuwa na homa. Usiku godoro lake lilitikisika. Nilimwambia nikamwite mwuguzi, akanishika mkono: "Pasi, nikienda zahanati nakosa mlima. Nikikosa mlima nimerudishwa mara ya pili. Baba ameshawaambia wateja wake wote. Nisemee tu. Kesho kutwa nitakuwa nimepoa." Mkono wake ulikuwa wa moto kama pasi iliyotoka kwenye mkaa.

Asubuhi sajenti akasimama mbele yangu. "Mwenzako?" Nikapaza sauti, "Mwenzangu mzima, afande!" Sajenti alimtazama Kinanda, akanitazama mimi, akaliamini neno langu. Ndiyo desturi.

Alianza vizuri. Alikuwa akiimba puani. Tulipofika kwenye kona za mlima alipunguza, nikamchukulia bunduki. Kisha akaacha kuimba. Mdogo wangu, alipoacha kuimba nilishukuru. Nilikuwa nimechoka, nikaona ahueni masikio yangu yamepumzika. Sikugeuka. Nilipogeuka alikuwa amekaa chini kando ya njia, amenitazama kama mtu anayetaka kuniambia jambo la kuchekesha. Walimwendea mbio na maji na machela. Haikusaidia kitu.

Baba yake alikuja kumchukua. Mzee mfupi, vidole vyeusi kwa dawa ya viatu. Kabla hajafika, sajenti aliniletea sare ya gwaride ya Kinanda. Hakufoka. Alisema, "Pasi, hii ni kazi yako." Niliipiga. Nilianzia pembeni nikamalizia katikati, na kwenye mfuko wa kifua nikatia leso ya mama. Sijawahi kupiga nguo vizuri namna ile. Mzee alipita kiganja juu ya mkono wa koti, akauliza, "Wewe ndiye Pasi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Barua zake ziliniletea salamu zako na za msichana anayeandika kama mwalimu mkuu." Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu alikuwa anaumwa?"

Nikamjibu, "Hapana, mzee. Alikuwa mzima."

Kamati ya uchunguzi nayo imeniuliza, nikajibu lile lile. Wataniita tena mwezi huu. Nikisema kweli naweza kufukuzwa, na pasi ya mama haitatundikwa ukutani. Nikinyamaza nitavaa nyota. Sijui nifanye nini.

Kitanda chake hakijapewa mtu. Hapa, kitanda cha aliyefariki kinatandikwa kila asubuhi mpaka kundi limalize, na anayekitandika ni mwenzi wake. Jibu la kitendawili lilikuwa hilo, mdogo wangu. Kitanda. Aliniambia siku aliyokuandikia, akacheka mwenyewe. Sasa namvisha kila asubuhi, na usiku hakuna wa kumvua.

Neno la mwisho. Leso ulizotuma Mei hakuzipiga mama. Zimeanziwa katikati, kingo zimekunjamana. Na foronya ile, mama alikuona "kutoka kitandani", asubuhi, saa za kazi. Nimesoma mstari huo mara nyingi. Tumekuwa tukiandikiana "mzima, mzima" kama makuruta. Niambie.


Tarehe 24 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo.

Nimekaa mahali penye utulivu, nyuma ya darasa, nikasoma peke yangu. Sitaandika mengi juu ya Kaka Kinanda kwa sababu kila nikianza karatasi inalowa na hii ni ya tatu. Nilimwita bwana harusi. Najua hakusikia. Lakini mimi nimejisikia.

Mama si mzima, kaka.

Ilianza kabla ya barua yako ya kwanza. Miguu inavimba, pumzi inakatika akisimama. Hospitali wamesema moyo umechoka, asisimame mbele ya moshi wa mkaa, na wamempa vidonge. Analala ameketi, mito mitatu mgongoni. Alinikataza kukuambia. Alisema, "Huyo akisikia ataruka ukuta wa kambi. Mwandikie mama mzima." Nikaandika. Nilikuwa naandika vizuri, kwa mwandiko safi, kama nilivyofundishwa. Mashuka ya hoteli napiga mimi kabla ya shule na baada ya shule. Hoteli imempa dobi mwingine nusu ya kazi, na hata hiyo iliyobaki wakati mwingine inanishinda.

Uliniambia nisimsomee. Nilijaribu. Lakini alinitazama nikiingia, akasema, "Nani amekufa?" Nikamsomea yote, pamoja na kitanda, pamoja na leso mfukoni. Alilia bila sauti. Alimlilia mtu ambaye hakuwahi kumwona. Kisha akasema nikuandikie maneno haya kama alivyoyasema, nisiyarembe:

"Mwambie kaka yako, yule mzee amepewa nguo iliyokunjwa alama ndani. Iko siku ataikunjua. Aende akaiweke juu, amwoneshe mwenyewe. Na hao wakubwa wake pia. Habari ya pasi yangu aniachie mimi. Mimi sikuahidi ukuta, niliwaahidi watu wa mtaani waliokuwa wananicheka."

Nikamwuliza, "Na wakimfukuza?" Akasema, "Atarudi nyumbani akiwa na macho."

Baada ya hapo nilimwambia kwamba kaka amejua kuhusu yeye. Akasema, "Basi hata mimi nilikuwa nimekunjwa upande wa ndani." Tulicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.


Tarehe 19 Agosti

Mdogo wangu, na mama,

Mama, shikamoo. Nimesoma kwamba huumwi joto. Nimeomba ruhusa ya kuja na nimeambiwa nisubiri. Nitakueleza kwa nini.

Nilisimama mbele ya kamati. Mwenyekiti aliniuliza kama nina la kuongeza kwenye maelezo yangu. Nikasema, "Mwenzangu hakuwa mzima, afande. Nilijua, nikasema mzima." Mmoja wao aliweka kalamu chini. Akaniuliza, "Unajua unachojifanyia?" Nikasema najua, mama yangu ni dobi. Hakuelewa, wala sikueleza.

Hawakunifukuza. Sajenti alinisemea. Aliwaambia kwamba na yeye alimtazama Kinanda usoni asubuhi ile na akachagua kulisikia neno langu. Amehamishwa. Mimi nimerudishwa mwanzo, naanza na kundi jipya. Wenzangu watavaa nyota, mimi nimenyolewa tena. Mama, bonde la kisogoni lipo bado.

Nilimwandikia mzee fundi viatu. Nilimwambia yote, homa, mkono, na kwamba nilishukuru alipoacha kuimba. Hajajibu. Labda hatajibu. Naona ana haki.

Nimepewa mwenzi mpya, mtoto mwembamba wa karani wa benki, mwenye kiburi cha paka. Juzi usiku alikuwa anakohoa na kifua kinapiga filimbi. Asubuhi, tukiwa kwenye foleni, alinitazama pembeni, akatikisa kichwa taratibu: usiseme. Sajenti mpya akafika. "Mwenzako?"

"Mwenzangu si mzima, afande."

Foleni nzima iligeuka. Sajenti akasema, "Rudia." Nikarudia. Alipelekwa zahanati, akalazwa, mapafu. Amerudi jana. Hanisemeshi. Ananipita kama nguzo, na kwenye chakula alihamia meza nyingine. Yuko hai na hanisemeshi, mdogo wangu, nami usiku nalala.

Sasa nikuulize wewe. Wewe unamsemea mama, unanisemea mimi kwa mwalimu, ulimsemea hata Kinanda. Wewe nani anakusemea?


Tarehe 2 Septemba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwalimu wetu anasema habari za nyumbani zitangulie jambo lenyewe, lakini leo ni kitu kimoja.

Mama si mzima. Uvimbe umepanda magotini. Jana alikula vizuri, leo amekula kidogo. Vidonge anameza bila kubishana, jambo ambalo daktari anaona ni zuri na mimi naona si kawaida yake. Anapenda nimweke karibu na dirisha aone kamba ya nguo. Akiona shuka nimelianika vibaya anagonga kioo.

Nimemwandikia mzee fundi viatu. Nilimweleza kwamba mimi ndiye yule msichana, na kwamba mwanawe alinipa jina. Nitamwandikia kila mwezi. Si lazima ajibu. Nilimwambia jibu la kitendawili.

Umeniuliza nani ananisemea. Nimefikiri sana. Mimi sina la kulalamika. Masomo ya asubuhi yananipita kidogo lakini nitayafidia. Mimi mz

Mama amenizuia hapo. Alikuwa ananisikiliza nikisoma ninavyoandika. Anasema nimwachie nafasi chini, atie neno kwa mkono wake, na nisisome. Namwachia pale Kaka Kinanda alipokuwa akiandika.

*MWENZANGU SI MZIMA AFANDE. ANALALA AMESIMAMA PASI MKONONI. AMEUNGUA KIGANJA HAKUNIAMBIA. NJOO UMPOKEE. MAMA.*